Shamba la Mama na Nyumba za Walimu

Mimi mtu akinijia na zawadi mkononi, namtazama kwanza mkono wa pili. Ndivyo nilivyo na sioni aibu. Hapa kijijini Lukwele wanasema Scholastika ana gubu, Scholastika hata padri akimpa komunyo anaigeuza kwanza kuiangalia. Hiyo ya komunyo ni uongo. Mengine sawa.

Basi siku gari la kampuni lilipokwama chini kule kwenye kona, na watu wanne wakapanda mlima kwa miguu wakihema, mimi nilikuwa shambani nachambua karoti, na kabla hawajafungua mdomo nilishajua wana shida yao. Mbele alikuwa dada wa Kihindi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mtandio kichwani, viatu tope tupu. Akaniamkia vizuri.

"Shikamoo mama. Naitwa Parveen. Tunatoka kwenye kampuni ya Mzee Taherali, ya sabuni, pale Msamvu mjini. Tumekuja kurudisha kwa jamii."

"Kurudisha?" nikamwuliza. "Kwani mlichukua lini?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sabuni si mnanunua, mama? Tunachukua kila siku."

Jibu hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri.

Walichotaka ni kujenga darasa moja na nyumba mbili za walimu. Na hapa lazima niseme ukweli, nyumba hizo tulizihitaji kwa kufa na kupona. Shule yetu ina walimu sita kwenye karatasi. Watano wamepanga vyumba kule Bigwa, kutoka huko mpaka huku ni saa mbili za kupanda, na mvua ikinyesha humwoni mtu. Anayelala hapa ni mmoja tu, Mwalimu Evance wa hesabu, naye analala kwenye chumba cha nyuma ya kanisa letu la kigango, pamoja na mishumaa na mavazi ya misa. Mke wake yuko Kisaki na mtoto mchanga. Utamleta mzazi alale na mishumaa? Mwaka jana, kwa kazi ya huyo kijana, watoto tisa walifaulu kwenda sekondari. Mwaka kabla hajaja alifaulu mmoja, na huyo mmoja alikuwa ametuhamia kutoka mjini.

Mwalimu alishaniambia wazi, bila kuzunguka. "Mama Scholastika, Januari ikinikuta bila nyumba, naandika barua ya uhamisho. Nampenda mke wangu." Nani atamlaumu?

Sasa, milima hii haina tambarare za kuchezea. Karibu na shule tambarare ni moja tu, na ni shamba la mama yangu.

Kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa mama. Shamba lile ni la lukolo, yaani ukoo wetu, na ukoo ni wa tumbo. Marehemu mama alilitunza, akaniachia mimi nilitunze, baada yangu ni binti zangu. Kaka yangu Stefano ndiye mjomba, ndiye msemaji wa ukoo, binti zangu hawaolewi bila neno lake. Lakini watoto wake yeye ni wa ukoo wa mama yao. Na bila mimi kukubali, msemaji au si msemaji, hakuna jembe la mgeni linaloingia pale.

Na mgeni akiingia, ana mipaka yake. Apande mahindi, apande maharage, apande chochote kinachovunwa kikaisha. Mti hapana. Mti wa kudumu hupandwa na mwenye ardhi tu, kwa sababu aliyeupanda kesho atadai na ardhi ni yake. Zamani mama alimpa mtu mmoja wa mjini robo ekari alime nyanya. Jamaa akachomeka michungwa kumi na miwili, kimyakimya, huku anatuletea sukari kila Krismasi. Miaka ikapita, siku moja akasimama mbele ya baraza akasema, "Angalieni miti yangu, huyu mama ananidai nini?" Akashinda. Mama alikufa akiitazama ile michungwa kutoka mlangoni kwake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi niliumwa nikiwa na akili zangu timamu.

Kwa hiyo Parveen nilimsomesha. Alileta makubaliano, kurasa nne. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikataka iandikwe kwamba ukoo umeazima, haukutoa, na shule ikifungwa ardhi inarudi. Akaandika. Nikataka iandikwe kwamba kampuni haina chake hata jiwe. Akaandika. Kila nilichosema, sawa mama, sawa mama. Mtu anayekubali kila kitu ananitia wasiwasi kuliko anayebisha.

Aliyenizidi kwa wasiwasi alikuwa Stefano. Kaka yangu alikuwa amejenga Bigwa miaka miwili iliyopita, kwa biashara yake ya karoti, ndivyo alivyotuambia, na huku juu alikuwa anapanda mara moja moja. Kampuni ilipoanza kuja, akawa huku kila wiki.

"Skola, we unafikiri wale wanatoa?" ananiambia. "Mtu wa duka huyo. Kijiko cha chumvi anakipima, atakupa nyumba mbili? Kuna kitu."

"Hata mimi naona kuna kitu," namjibu.

"Basi fumbua macho."

Nikayafumbua kweli, kwa upande mmoja tu.

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumamosi. Turubai, viti vya plastiki, spika ya kupasua masikio, watoto wa shule wamevalishwa fulana za sabuni. Mzee Taherali mwenyewe alipanda mlima, mzee wa miaka sabini na kitu, ameshikwa mkono huku na huku, anapumzika kila kona. Hotuba yake ilikuwa fupi, hilo namsifu. Alisema baba yake alisoma chini ya mwembe na yeye hataki mtoto yeyote asome hivyo. Watu wakapiga makofi. Hata mimi mkono ulitaka kupiga.

Halafu wakashusha makreti. Ndani, miche ya parachichi, hamsini.

Yesu na Maria!

Mgeni rasmi, Mzee Taherali huyohuyo, akapanda mche wa kwanza. Akafuata diwani, akafuata Parveen, wakafuata vijana wa kampuni, kila mtu na mche wake na picha yake. Najua, nchi nzima mgeni rasmi akija sharti apande mti, ni kama kukata utepe. Hata mwenyekiti wetu wa kijiji, Andrea, Mluguru wa kuzaliwa, alikuwa anashangilia. Lakini ile miche waliipanga pembeni pote mwa shamba la mama, moja kwa moja mpakani, mtu ungedhani wanachora ramani.

Stefano akaniinamia. "Umeona? Mpakani. Hukuiandika miti kwenye karatasi yako."

Ni kweli, miti sikuiandika. Kurasa nne zote zile, na sikukumbuka miti.

Kesho yake, baada ya ibada ya asubuhi, nilichukua jembe nikaenda kuing'oa yote hamsini. Mchana kweupe, watu wanapita wanaangalia. Sikuiua, mimi si mwuaji. Niliifunga mizizi kwa majani ya mgomba nikaipanga kivulini pembeni ya darasa, waje waichukue. Mtu mmoja akapiga picha kwa simu, na najua picha ile ilifika Msamvu kabla mimi sijafika nyumbani.

Jumatatu Stefano akaja na karatasi. Tatu, zimepigwa chapa.

"Hii ni barua ya ukoo ya kupinga," akasema. "Alhamisi wanaleta mpimaji wa ardhi. Tuwahi kabla hajaweka bikoni za mpaka. Weka saini hapa, na hapa."

Nilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko. Nikageuza ndoo, nikafuta mkono kwenye kanga, nikasaini pale alipoweka kidole. Mtaniuliza, hukusoma? Parveen ulimsomesha mara mbili, hii hukuisoma hata mara moja? Ndiyo, sikusoma. Yule alikuwa mgeni. Huyu tulinyonya titi moja.

Mwalimu Evance alinijia jioni hiyo. Hakukaa.

"Ni kweli umeng'oa miti, mama?"

"Ni kweli. Nimezuia shamba lisiibiwe."

"Hukutaka hata kuwauliza kwanza?"

"Mwizi anaulizwa?"

Akatikisa kichwa. "Basi na mimi nitaandika barua yangu," akasema, akaondoka. Nilimwona anashuka kuelekea kanisani, mkono mfukoni, na iliniuma. Lakini nilijiambia mwalimu anapatikana, ardhi haizaliwi tena. Nilijiambia hivyo mara nyingi wiki ile, jambo ambalo lingenionyesha kwamba sikuliamini.

Siku kumi zikapita kimya. Mpimaji hakuja. Nikajua barua yetu imefanya kazi, nikafurahi.

Ndipo Parveen akaja. Peke yake, kwa miguu kutoka Bigwa, jua la saa sita. Nilikuwa nimeshajiandaa kugombana, nimepanga na maneno. Aliniamkia, akaketi juu ya jiwe bila kukaribishwa.

"Mama, la miti nimelielewa," akasema. "Mwalimu amenieleza. Ni kosa letu, tungeuliza kwanza. Mzee amesema nikuombe radhi kwa niaba yake. Lakini hili la kuuza nimeshindwa kulielewa."

"Kuuza nini?"

"Shamba."

"Shamba gani?"

Akatoa kwenye mkoba karatasi tatu, nakala. "Mpimaji alipita kwanza kwa mtendaji wa kijiji kuangalia kama ardhi ina mgogoro. Akakuta hizi, zimepelekwa Jumanne ile."

Nikasoma. Sasa ndiyo nikasoma! Muhtasari wa kikao cha ukoo. Ukoo umekaa, ukoo umeridhia, shamba lote lililo karibu na shule limeuzwa kwa bwana mmoja wa Dar es Salaam, ajenge hoteli ya wageni wanaopanda milima. Chini, Stefano, msemaji wa ukoo. Chini yake, Scholastika, mtunza ardhi ya ukoo. Saini yangu mwenyewe, na ule mkia wake ninaoupinda mwishoni, mama alinifundisha.

"Ofisini wanasema uling'oa miti ili umpishe mnunuzi," Parveen akaendelea. "Wanasema yule mama ni mjanja, alikuwa anatuzungusha ili bei ipande."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sikujui, mama. Nimekuja kukutazama usoni."

Loo! Mimi, binti wa mama yangu, ninatuhumiwa na mtu wa sabuni, na ana haki! Nilikaa palepale kwenye tuta, juu ya karoti zangu. Nilimweleza yote, ndoo, tope, kidole cha kaka yangu. Sijui kama alikuwa ananiamini mwanzoni, alisikiliza tu. Nilipomaliza alinipa maji yake ya chupa ninywe. Akasema kampuni itasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Karatasi zisiposafishwa, nyumba zinakwenda kijiji kingine, na yeye hataweza kuzuia.

Mwenyekiti Andrea akaitisha mkutano Jumatano, shuleni. Stefano alifika mapema. Akanivuta nyuma ya darasa, macho mekundu, anaonekana hajalala.

"Skola, sema ulijua," akasema. "Nakuomba. Yule mtu wa Dar alinilipa miaka miwili iliyopita. Alikuwa anadai karatasi ya ukoo tu. Ukisema hukujua, hiyo ni kughushi, wananifunga."

"Kumbe ndiyo maana ulinichochea niing'oe miti."

"Mpimaji angekuja, kila kitu kingejulikana. Nilitaka kampuni waondoke wenyewe."

"Ukanitumia mimi! Kaka, ungenidanganya kwa mengine yote, kwa shamba la mama?"

"Ningekuambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Sasa?" Akapandisha pumzi. "Binti zako wakiamka asubuhi wako kwenye ardhi ya mama yao. Wangu je? Ukoo wa mke wangu walishauza kila kitu, hana hata tuta. Mimi nikifa leo mtanizika vizuri, wewe utalia kuliko wote, halafu mtamwambia Esther na wadogo zake, kwaherini. Ndiyo desturi yetu, silalamiki. Lakini ni watoto wangu. Hela zile nilijengea ile nyumba ya Bigwa, wapate pa kulala."

Nilikuwa na matusi ya kumtosha mwaka mzima, nikayaacha. Miaka yote naitetea desturi hii, hata siku moja sikuwahi kujiuliza watoto wa kaka yangu watalala wapi. Nilimpenda na nikamchukia pale pale, nyuma ya darasa, tukiwa tumesimama kati ya magogo ya kuni za uji.

Mkutano ukaanza. Andrea akainua karatasi. "Mama Scholastika, saini hii ni yako?"

Nikatazama watu. Mwalimu Evance alikuwa amesimama mlangoni na bahasha mkononi, nilijua ni bahasha gani. Watoto walikuwa wamejaa madirishani. Parveen alikuwa mstari wa nyuma. Stefano alikuwa anatazama chini.

"Saini ni yangu," nikasema. "Niliweka bila kusoma. Ukoo haukukaa, na mimi sikuuza. Aliyeuza ni kaka yangu."

Watu wakaguna. Kuna mama mmoja akasema, "Mwe, Skola hakusoma!" na wengine wakacheka, na kicheko kile nilistahili. Stefano akavua kofia, akasimama. Nilidhani atanikana.

"Ni kweli," akasema. "Nilimdanganya dada yangu. Yeye hana kosa." Akaketi.

Wazee wa ukoo walikaa hadi alasiri. Mauzo yakatenguliwa. Mnunuzi alipigiwa simu, akakubali kutokwenda polisi, sharti arudishiwe chake chote, na Stefano hakuwa na kitu cha kumrudishia isipokuwa ile nyumba. Basi nyumba iuzwe. Lilipitishwa kwa kunyoosha mikono, na mkono wangu ulinyooka pamoja na mingine.

Mwisho wa mwezi mpimaji akaja, akaweka bikoni zake. Makubaliano yakasomwa upya, safari hii mara tatu, na miti ikiwemo. Msingi ukachimbwa. Mwalimu Evance aliichana barua yake mbele yangu akaniambia mke wake ameshaanza kufunga mizigo. Nilipopita kanisani watu walinipigia makofi, eti mama wa kijiji. Niliwaambia wanyamaze.

Jumamosi iliyofuata nikashuka Bigwa kumwona kaka yangu. Hakuwepo, alikuwa na mkewe wanatafuta chumba cha kupanga. Alinifungulia Esther, binti yake mkubwa, yuko kidato cha pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

Akanikaribisha sebuleni, akanipikia chai ya tangawizi. Sikuwahi kuingia nyumba ile tangu ilipokwisha. Vyumba vitatu, sakafu laini, mapazia ya maua aliyoshona mama yao. Ukutani kila mtoto alikuwa amewekewa alama ya urefu wake kwa penseli. Mizigo ilikuwa imefungwa kona moja, magodoro yamekunjwa na kamba.

"Shangazi, ni kweli nyumba za walimu zitakuwa na umeme wa jua?" akaniuliza.

"Ni kweli."

"Vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Kama hii," akasema.

"Kama hii."

Nikaweka kikombe chini. "Esther, hameni mje kwangu," nikasema. "Mlimani. Baba yenu, mama yenu, wote. Nyumba yangu ni kubwa."

Akatabasamu, kwa adabu, kama anavyotabasamu mtu akipewa kitu asichoweza kupokea.

"Asante shangazi. Lakini pale ni kwa akina dada. Sisi pale ni wageni, si ndivyo?"

Hakusema kwa ubaya. Aliniuliza kweli, akasubiri jibu, birika mkononi. Nilitaka kumwambia sivyo. Lakini ndivyo. Akaniongeza chai. Nikainywa yote, nikiwa nimekaa katika nyumba ile ambayo mkono wangu uliiuza, na ilikuwa nyumba nzuri, siwezi kusema uongo.